Albamu moja, sauti mbili: kurudi kwenye Tim ya The Replacements

Ukiitafuta leo albamu iitwayo Tim, ya bendi ya The Replacements, simu yako itakuletea zaidi ya moja. Kuna ile ya mwaka 1985. Kuna toleo lililoongezewa nyimbo mwaka 2008. Na kuna la mwaka 2023, liitwalo Let It Bleed Edition, ambamo nyimbo zile zile kumi na moja zimewekwa mara mbili, na kila mara zina sauti tofauti. Anayekutana na bendi hii kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kampuni inauza kitu kimoja mara tatu. Kwa sisi tulioipenda albamu hii ujanani, tukaiacha miaka mingi, kisha tukairudia, jambo hili lina uzito wake. Unabonyeza wimbo unaoujua hadi pumzi ya mwimbaji, na unasikia kitu ambacho hukuwahi kukisikia. Ni muziki uliobadilika? Ni kifaa? Au ni wewe?

Swali hilo humpata kila anayerudia albamu ya ujana wake, awe mpenzi wa roki, wa rumba au wa taarab. Mara nyingi halijibiki, kwa kuwa vyote vitatu huwa vimebadilika kwa pamoja na hakuna pa kushika. Tim ni ya pekee kwa sababu tunazo rekodi zote mkononi, na kazi iliyofanyika kati ya moja na nyingine inajulikana. Tukienda taratibu tunaweza kuona kipi kimetoka wapi.

Tuanze na wenyewe. The Replacements walitoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, mji wa Prince. Walianza mwaka 1979: Paul Westerberg akitunga, akiimba na kupiga gitaa, Bob Stinson kwenye gitaa la solo, mdogo wake Tommy, aliyekuwa bado mtoto wa shule, kwenye besi, na Chris Mars kwenye dramu. Rekodi zao za mwanzo zilitolewa na Twin/Tone, lebo (yaani kampuni ya kutoa rekodi) ndogo ya hapo hapo mjini. Muziki wa lebo huru, zisizo chini ya kampuni kubwa, Marekani wa miaka ile ulikuwa na mishipa yake yenyewe: vilabu vidogo, vijarida vya kurudufiwa kwa mkono, maduka ya santuri, na zaidi ya yote redio za vyuo vikuu. Kwenye FM ya Marekani, masafa ya kati ya 88 na 92 yametengewa vituo visivyo vya biashara, kwa hiyo mpenzi wa muziki huu alizungusha kitufe cha redio mpaka sindano ikafika mwisho wa kushoto. Wimbo mmoja mkubwa wa Tim, Left of the Dial, umechukua jina lake kutoka hapo.

Albamu hii ndiyo ya kwanza waliyoitoa nje ya Twin/Tone. Waliingia Sire, lebo ya Seymour Stein iliyokuwa chini ya Warner, nyumba ya bendi za Ramones na Talking Heads, na ya Madonna. Mwenye kushika sheria atasema basi si muziki wa lebo huru tena. Sikubaliani naye. Ilirekodiwa Nicollet Studios, Minneapolis kwao, na watu wale wale, kwa ajili ya masikio yale yale. Kilichobadilika ni nembo kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Na haikuuza kama kampuni kubwa ilivyotarajia: kwenye chati ya albamu 200 ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilifika nafasi ya 183.

Prodyuza alikuwa Tommy Erdelyi, mzaliwa wa Hungaria ambaye wengi wanamjua kama Tommy Ramone, mpiga dramu wa kwanza wa Ramones. Hapa ndipo fumbo linapoanza. Rekodi iliyosimamiwa na mpiga dramu ikatoka dramu zake zikiwa mbali, zimefunikwa na mwangwi, kama zinapigwa kwenye ukumbi wa jirani. Besi ilikuwa nyembamba. Magitaa yalibanana katikati. Nyimbo zilikuwa na nguvu ya ajabu, na sisi tulioanza kuzisikiliza tulidhani hiyo ndiyo sura yake: kelele ya vijana wanne iliyosikika kupitia ukuta. Tuliufanya ukuta ule kuwa sehemu ya muziki.

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 2023 lazima tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Bendi inaporekodi, kila chombo hupewa njia yake kwenye kanda: dramu zina njia zake, besi yake, kila gitaa lake, sauti ya mwimbaji yake. Kisha mtu hukaa mbele ya meza ya vitufe na kuamua: besi ipande kiasi gani, gitaa hili liende kushoto na lile kulia, sauti ipewe mwangwi au iachwe kavu, dramu zisogezwe mbele au zirudishwe nyuma. Maamuzi hayo yote hukusanywa kwenye njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Kazi hiyo ndiyo miksi. Baada yake huja mastaringi: fundi mwingine huchukua zile njia mbili zilizokwisha kuungana, akasawazisha besi na ncha kali (sauti za juu) kwa jumla, akapanga ukubwa wa sauti na nafasi kati ya wimbo na wimbo, akaiandaa albamu kwenda kiwandani.

Tofauti ya kumasta upya na kufanya miksi upya ni kama ya kupiga pasi suti iliyokwisha kushonwa na kuifumua mishono ukarudi kwenye vipande vya kitambaa. Anayemasta upya hawezi kuipandisha dramu peke yake. Akiongeza pale ilipo, ataongeza pia gitaa linaloishi kwenye eneo hilo hilo la sauti. Anayefanya miksi upya amerudi kwenye kanda ya njia nyingi, ambako Chris Mars bado yuko peke yake na fimbo zake. Kwa hiyo ukiona neno la kumasta upya kwenye jalada la albamu ya zamani, tarajia mwanga zaidi juu ya picha ile ile. Ukiona miksi mpya, jiandae kwa picha nyingine.

Haya yote yanategemea kanda za njia nyingi kuwepo, na za bendi nyingi za lebo huru hazipo. Wenyewe The Replacements, katika ugomvi wao na Twin/Tone, waliwahi kuingia ofisini humo, wakabeba kanda walizodhani ni kanda mama zao na kuzitupa kwenye Mto Mississippi. Za Tim zilinusurika kwa kuwa zilikuwa mali ya kampuni nyingine. Nikilifikiria hilo naona ni bahati kubwa, maana bila kanda zile tungebaki na njia mbili za mwaka 1985 milele, na mjadala huu usingekuwepo.

Aliyepewa kanda hizo, azifanyie miksi mpya kwa toleo la 2023, ni prodyuza Ed Stasium. Si mgeni aliyeokotwa njiani: yeye na Erdelyi ndio walioitayarisha kwa pamoja albamu ya Road to Ruin ya Ramones mwaka 1978. Erdelyi alifariki mwaka 2014, kwa hiyo kazi ya rafiki ilirudiwa na rafiki. Alichofanya Stasium, kwa masikio yangu, ni kuuondoa ukuta. Mwangwi umepunguzwa sana. Dramu zimekuja mbele hadi unasikia ngozi yake. Besi ya Tommy Stinson, iliyokuwa kivuli, sasa ina mwili na inatembea. Magitaa yamefunguliwa pande mbili na sauti ya Westerberg imesimama katikati, karibu. Kwenye Little Mascara muziki unaendelea zaidi ya pale ulipozoeleka kufifia, maana kwenye kanda bendi haikuwa imesimama. Kufifisha kulikuwa uamuzi wa miksi.

Na hapa niseme ninaloamini kuliko yote kuhusu toleo hili: limemrudishia Chris Mars haki yake. Kwa miaka 38 tulizungumza juu ya Westerberg na maneno yake, juu ya Bob na vituko vyake, juu ya Tommy aliyekuja baadaye kupiga besi Guns N' Roses. Mars aliondoka kwenye bendi mwaka 1990 akawa mchoraji, na wengi wetu tulimhesabu kuwa mpiga dramu wa kutosha tu. Sikiliza miksi mpya ya Bastards of Young. Namna anavyousukuma wimbo, anavyousubirisha kidogo kabla ya kiitikio na kuuachia, ndiko unakokaa ule uchungu wa wimbo. Tulikuwa tukiuhisi miaka yote bila kujua nani anautengeneza. Mtu alicheza vile chumbani Minneapolis mwaka 1985, na maamuzi ya vitufe yakamficha.

Kama miksi mpya ni nzuri hivyo, kwa nini wapo waliopenda ya zamani wanaoisikiliza na kuona wameibiwa? Wengine husema ni ukaidi. Mimi nadhani jibu liko kwenye jinsi kumbukumbu ya muziki inavyofanya kazi, na ni jibu la kushangaza.

Mwaka 1994 mtafiti Daniel Levitin aliwaomba watu 46 waimbe kwa kumbukumbu nyimbo walizozipenda, bila chombo, bila kusikilizishwa kwanza. Kisha akalinganisha na rekodi zenyewe. Takriban 40% walianza, angalau mara moja kati ya mara mbili, kwenye kimo cha sauti (ujuu au uchini wake) kile kile cha rekodi. Walichaguliwa bila kujali kama walikuwa na mafunzo ya muziki. Miaka miwili baadaye yeye na Perry Cook waliangalia mwendo (kasi) wa nyimbo hizo, wakakuta kwamba 72% ya uimbaji ulikuwa ndani ya 8% ya mwendo halisi. Mwaka 1999 Glenn Schellenberg na wenzake walikwenda mbali zaidi: waliwasikilizisha watu vipande vya nyimbo maarufu vya milisekunde 100 na 200, vifupi kuliko kufumba jicho, na watu wakaweza kuvioanisha na majina ya nyimbo kuliko ambavyo bahati tu ingewezesha. Katika milisekunde 100 hakuna melodia wala neno. Kinachobaki ni rangi ya sauti, ile namna ya pekee inavyosikika.

Maana yake ni kwamba tunapopenda albamu hatuhifadhi tu melodia na maneno, kama tunavyohifadhi wimbo wa harusi ambao kila mtu huuimba kwa namna yake. Tunahifadhi rekodi yenyewe: kimo chake, mwendo wake, rangi yake, pamoja na mwangwi wa Erdelyi. Aliyeisikiliza Tim ya zamani kwa miaka ana ule ukuta kichwani mwake. Ukiuondoa, sikio linagundua kabla akili haijapata nafasi ya kuamua kama ni vizuri au vibaya. Ongeza na jambo alilolionyesha Robert Zajonc mwaka 1968, kwamba kukutana na kitu mara nyingi, peke yake, hutufanya tukipende zaidi. Kwa hiyo anayesema miksi ya zamani ndiyo ya kweli hasemi uongo. Anaelezea kwa uaminifu kilichomo ndani yake. Anapokosea ni akidhani kilichomo ndani yake ndicho kilichopigwa studio.

Kuna pia suala la umri tulioipokea. Morris Holbrook na Robert Schindler, katika utafiti wa mwaka 1989, walikuta kwamba mapenzi ya watu kwa nyimbo hufika kilele kwa zile zilizovuma walipokuwa na miaka 23 na nusu hivi. Watafiti wa kumbukumbu wanalijua jambo la jirani na hilo: watu wa makamo wakiombwa wasimulie maisha yao, miaka ya kati ya 10 na 30 huchukua nafasi kubwa kuliko haki yake. Ndiyo miaka ya mara za kwanza. Mwaka 2009 Petr Janata alionyesha, kwa kupiga picha za ubongo, kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huchangamka zaidi wimbo unapokuwa umefungamana na kumbukumbu za maisha ya msikilizaji. Na si lazima muziki uwe wa kizazi chako: mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick walikuta vijana wakiwa na kumbukumbu na mapenzi ya nyimbo za ujana wa wazazi wao, kwa sababu ndizo zilizopigwa nyumbani walipokuwa wakikua. Kwa hiyo mtoto wako anayeisikia Tim kwenye gari lako anajiwekea akiba yake mwenyewe, na yake itakuwa ya miksi ya 2023.

Kifaa nacho kina lake, ingawa mara nyingi hupewa lawama kuliko kinavyostahili. Wengi wetu tuliipata albamu hii kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, na kila nakala hupunguza ncha kali za sauti na kuongeza mvumo. Kaseti hiyo ilizidisha unene wa ukuta. Masikio yetu pia, kadiri tunavyozeeka, hupoteza kwanza sauti za juu kabisa, zile za matoazi. Lakini mtego mkubwa kuliko hiyo yote ni ukubwa wa sauti. Tangu mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sikio halisikii besi na sauti za juu sawasawa na za katikati pale sauti inapokuwa ndogo. Ukiongeza sauti, besi na ncha hujitokeza. Ndiyo maana kati ya rekodi mbili, iliyo kubwa kidogo tu huonekana nzuri zaidi, tajiri zaidi, hata kama hakuna kingine kilichobadilishwa. Kampuni zinalijua hilo, na kuanzia miaka ya 90 albamu nyingi za zamani zilirudishwa sokoni zikiwa zimebanwa na kupandishwa hadi kupoteza pumzi. Mfano mchungu ni albamu ya Raw Power ya bendi ya The Stooges: miksi ya David Bowie ya mwaka 1973 ililaumiwa kwa wembamba, mwimbaji wao Iggy Pop akaifanyia miksi mpya iliyotoka mwaka 1997, na ikawa na kelele hadi sauti inapasuka. Miksi mpya haina lazima ya kuwa tiba.

Kwa hiyo ukitaka kuzilinganisha Tim mbili kwa haki, usiruke kutoka toleo la kaseti yako hadi la 2023. Tumia Let It Bleed Edition peke yake. Ndani yake kuna miksi ya Stasium, na kuna miksi ya Erdelyi iliyomastiwa upya mwaka huo huo. Kifaa ni kimoja, mwaka wa mastaringi ni mmoja. Tofauti inayobaki ni miksi. Washa ile mipangilio ya kusawazisha ukubwa wa sauti kwenye programu yako ya muziki, au punguza kwa mkono iliyo kubwa. Chagua wimbo wa bendi nzima, Bastards of Young au Left of the Dial (ambao sauti ya nyuma ni ya Alex Chilton, mwimbaji wa bendi ya Big Star, aliyekuwa pia amewarekodi nyimbo za majaribio kabla Erdelyi hajaja, baadhi zimo kwenye toleo hili). Mwisho nenda kwenye onyesho lao la ukumbi wa Cabaret Metro, Chicago, la Januari 11, 1986, ambalo nalo limo. Hiyo ni wiki moja kabla ya usiku ule wa Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, ambapo walilewa, Westerberg akatukana hewani, wakafungiwa mlango. Rekodi ya jukwaani nayo imepitia mikono ya mafundi, lakini inakupa ushahidi wa tatu: bendi iliyokuwa ikivuma hivyo ukumbini iko karibu zaidi na Tim ya Stasium kuliko na Tim tuliyoijua.

Baada ya hapo sikiliza Here Comes a Regular, wimbo wa mwisho. Hauna dramu. Ni gitaa la kawaida lisilo la umeme, sauti, na vyombo vichache vinavyoingia baadaye, kwa hiyo miksi haina mengi ya kuhamisha. Unamhusu mtu ambaye kila siku yuko baa ile ile, anajulikana na wote, na haendi popote. Westerberg alikuwa na miaka 25 alipourekodi. Nilipokuwa na umri kama huo niliusikia kama wimbo wa mtu mwingine, mzee fulani wa kuonewa huruma, na nikaupenda kwa uzuri wa melodia. Bob Stinson alitolewa kwenye bendi mwaka 1986, na akafariki Februari 1995 akiwa na miaka 35, mwili umechakazwa na pombe na dawa za kulevya. Siwezi tena kuusikia bila yeye kuwamo, na bila watu wawili watatu wa rika langu ambao nao walikuwa na kiti chao mahali fulani. Miksi ya mwaka 1985 na ya 2023 zinanifanyia hivyo sawasawa, na kwa wimbo huu sina haja ya kuchagua.